Mwambie Mungu Ukweli: Zaburi na siri ya kumtumaini wakati mambo yamekwama

Kwa wiki tatu mume wangu alikuwa akiamka saa kumi na moja alfajiri, anaoga, anavaa shati lililopigwa pasi na tai, ananiaga na kuondoka kwenda kazini. Jioni anarudi, anaisema foleni kama kawaida, anakula, tunasali, tunalala. Kumbe kazi yenyewe haikuwepo.

Niligundua kwa bahati tu. Ilikuwa Machi 2017. Mtoto wetu alipandwa na homa nikiwa kazini, dada wa nyumbani akanipigia. Nikajaribu simu ya mume wangu, haipatikani. Nikapiga ya ofisini kwao. Dada wa mapokezi alinyamaza kidogo, halafu akasema kwa sauti ya chini, "Kwani dada, hukuambiwa? Wenzetu walipunguzwa tangu mwezi uliopita."

Mtoto nilimpeleka hospitali, akapata dawa, akalala. Jioni ile nilimsubiri baba yake sebuleni nikiwa na maneno yangu yote nimeyapanga. Alipoingia na kuniona usoni, alijua. Akakaa kwenye kiti cha karibu na mlango bila hata kuvua viatu. Nilitegemea aseme aliogopa nitamdharau, au aliogopa kodi ya nyumba. Alichosema sikukitegemea kabisa.

"Mke wangu, mimi ndiye ninayewaambia watu pale kanisani wamtumaini Mungu. Sasa nikisema naogopa, nitaonekanaje? Hata kwenye maombi siwezi kumwambia Mungu kwamba naogopa. Nashukuru tu. Nashukuru, nashukuru, lakini ndani nimekauka."

Maneno yangu yote niliyoyapanga yaliishia hapo.

Jibu la "namshukuru Mungu"

Mpenzi msomaji, hebu tuwe wakweli. Ni mara ngapi umeulizwa hali yako ukajibu "namshukuru Mungu" huku moyoni unaungua? Kushukuru ni jambo jema, wala sitaki mtu anielewe vibaya. Tatizo linaanza pale shukrani inapogeuka pazia la kufichia hofu, hasira na maswali ambayo tunaona aibu kuyapeleka mbele za Mungu. Tumefundishwa, au tumejifundisha wenyewe, kwamba mtu mwenye imani haulizi. Akiuliza, imani yake ni haba.

Jumamosi iliyofuata tulikwenda kumwona mzee aliyekuwa msimamizi wa ndoa yetu. Tulimwamkia, tukanywa chai, kisha mume wangu akamweleza yote. Mzee hakuhubiri. Aliuliza swali moja.

"Mwanangu, umemwambia Mungu kwamba umekasirika?"

"Hapana, baba. Mtu unamwambiaje Mungu hivyo?"

"Daudi alimwambia. Na hakupigwa na radi."

Akatupa kazi ya kufanya nyumbani. Kila usiku kwa wiki mbili tusome Zaburi ya 13, ina aya sita tu. Mmoja asome kwa sauti, mwingine asikilize. Baada ya hapo msomaji aseme la moyoni mwake. Na sharti kubwa: anayesikiliza asitoe ushauri.

Nakiri nilidhani mzee anatupotezea muda. Sisi tunahitaji kazi, yeye anatupa aya sita!

Kitabu cha sifa kilichojaa malalamiko

Wengi wetu tunazijua Zaburi mbili au tatu. Tunaijua ya 23, ile ya mchungaji, inayosomwa msibani. Tunaijua ya 121 ya kuinua macho kuitazama milima, tunayoisoma kabla ya safari. Lakini kitabu kizima kina Zaburi 150, zimegawanywa katika vitabu vidogo vitano, na hazikuandikwa na mtu mmoja. Vichwa vya habari vya Kiebrania vinamtaja Daudi katika Zaburi 73. Asafu, kiongozi wa waimbaji, anatajwa katika 12. Wapo pia wana wa Kora, yupo Sulemani, na ya 90 inaitwa sala ya Musa.

Sasa sikiliza jambo hili. Karibu theluthi moja ya Zaburi ni za maombolezo: watu wanalia, wanauliza, wanalalamika, wanamwambia Mungu waziwazi kwamba hawaoni anachofanya. Halafu jina la kitabu hiki kwa Kiebrania ni Tehillim, maana yake sifa. Yaani waliokikusanya kitabu waliyaangalia malalamiko yale yote, wakayaweka pamoja na nyimbo za shangwe, na mkusanyiko mzima wakauita sifa. Hawakuona aibu. Kwao, kumlilia Mungu ilikuwa ni namna mojawapo ya kumheshimu.

Na hata Yesu mwenyewe, kwa mujibu wa Injili za Mathayo na Marko, alipokuwa msalabani alilia kwa maneno yanayofungua Zaburi ya 22, maneno ya mtu anayeuliza kwa nini Mungu wake amemwacha. Kama Yeye aliuliza, wewe na mimi ni nani tujifanye hatuna swali?

Aya sita za usiku

Turudi kwenye Zaburi ya 13. Daudi anaanza bila salamu. Mara nne mfululizo anauliza itakuwa mpaka lini: mpaka lini atasahauliwa, mpaka lini Mungu atamficha uso, mpaka lini atakaa na mawazo yanayomzunguka moyoni, mpaka lini adui atakuwa juu yake. Halafu anaomba: niangalie, nijibu, nitie nuru machoni kabla sijafa. Kisha, aya ya tano na ya sita, anasema ameutumaini wema wa Mungu na kwamba ataimba.

Tulipoisoma usiku wa kwanza, mume wangu aliishia aya ya pili. Alishindwa kuendelea. Alilia kama mtoto, na mimi nikakumbuka sharti la mzee, nikafunga mdomo.

Usiku wa nne au wa tano ndipo nilipoona kitu. Niliuliza, "Hivi kati ya aya ya nne na ya tano, kuna nini kilichobadilika?" Tukaangalia tena. Hakuna. Adui bado yupo. Jibu halijaja. Hakuna malaika aliyetokea wala barua ya ajira iliyoletwa. Kilichotokea ni kimoja tu: Daudi amesema yote, hana tena kitu cha kuficha, na sasa anaweza kusema "nakutumaini" bila kudanganya.

Hapo ndipo nilipoelewa kwamba kulalamika mbele za Mungu na kumtumaini Mungu si maadui. Anayemlalamikia mtu bado anaamini mtu huyo yupo, anasikia, na anaweza kufanya kitu. Ukishakata tamaa na mtu, humlalamikii tena. Unamnyamazia.

Wanandoa, hili si tunalijua? Mke anayekuuliza "mbona siku hizi unachelewa kurudi?" bado ana matumaini na wewe. Mume anayesema "siku hizi hunijali" bado anataka kujaliwa. Ogopa siku ambayo mwenzako ataacha kuuliza, awe anajibu "sawa" na "haina shida" kwa kila kitu. Ukimya wa namna hiyo ndio uliokuwa umeingia katika maombi ya mume wangu. Na kwa sababu alikuwa amemnyamazia Mungu, ikawa rahisi kuninyamazia na mimi.

Hofu na tumaini mlango mmoja

Labda utasema, "Huyo alikuwa Daudi bwana, mfalme, mtu shujaa." Basi soma kilichompata kabla hajawa mfalme, katika 1 Samweli sura ya 21. Anamkimbia Sauli. Hana chakula, hana silaha. Kule Nobu kuhani anampa mikate na upanga, na upanga wenyewe ni ule wa Goliathi aliyemwua kwa mkono wake. Kisha Daudi anakimbilia wapi? Gathi! Mji wa kwao Goliathi. Fikiria mtu anavyokuwa amechanganyikiwa mpaka akakimbilie nyumbani kwa adui aliyemwua.

Watumishi wa mfalme Akishi wakamtambua mara moja. Daudi akaogopa sana, akajifanya mwendawazimu. Akawa anakwaruza milango ya lango, mate yanamtiririka ndevuni. Shujaa wetu huyo!

Kichwa cha habari cha Zaburi ya 56 kinasema ilitokana na wakati Wafilisti walipomkamata huko Gathi. Ndani yake hasemi kwamba haogopi. Anasema kwamba siku anayoogopa ndiyo siku anayomtumaini Mungu. Hofu na tumaini vinapita mlango mmoja, katika pumzi moja. Hasubiri kwanza hofu iishe ndipo aanze kutumaini. Tena katika Zaburi hiyohiyo anaamini kwamba Mungu anayahesabu machozi yake, hakuna hata tone linalopotea.

Kwa hiyo, wewe ambaye unasubiri matokeo ya usaili, au majibu ya daktari, au unahesabu mwezi mwingine umepita na ujauzito haujaingia: kutetemeka kwako hakumaanishi huna imani. Swali ni unatetemeka ukielekea wapi.

Wenzetu wanapopeta

Mwezi wa nne bila mshahara wa mume wangu, ugonjwa mpya uliniingia mimi. Wivu. Kila nikishika simu naona picha: huyu kanunua kiwanja, yule kabadilisha gari, mwingine yuko Dubai na mumewe. Na wengine nawajua kabisa, fedha zao si za halali. Nikawa najiuliza, sisi tunaotoa zaka na kufunga tumepata nini?

Nilidhani niko peke yangu mpaka nilipokutana na Asafu katika Zaburi ya 73. Huyu alikuwa kiongozi wa sifa, lakini anakiri kwamba miguu yake ilibaki kidogo tu iteleze, kwa sababu aliwaonea wivu watu wabaya wanaofanikiwa. Anawaeleza walivyo: wamenawiri, wana kiburi, hawana shida kama watu wengine. Anafika mahali anaona kama alijisumbua bure kuusafisha moyo wake. Jamani, hayo si mawazo yetu ya saa nane usiku?

Nini kilimsaidia? Si kuambiwa "acha wivu". Anasema lilikuwa jambo gumu machoni pake mpaka alipoingia katika patakatifu pa Mungu. Akiwa na swali lake vilevile, aliingia. Huko ndani akaona mwisho wa njia ile aliyokuwa akiitamani, na akaona kwamba muda wote ule alikuwa ameshikwa mkono wa kuume na Mungu. Mwishoni hamwombi Mungu gari la jirani. Anasema hana anachokitaka duniani kuliko Mungu mwenyewe.

Mimi sijafika huko alikofika Asafu, nisikudanganye. Lakini nilianza kuweka simu pembeni saa tatu usiku, na wivu nikauita kwa jina lake mbele za Mungu. Ulipungua. Haukuisha.

Usiku usipokucha haraka

Kuna Zaburi moja ambayo sijawahi kuisikia ikihubiriwa. Ni ya 88, ya Hemani Mwezrahi. Zaburi nyingi za maombolezo huishia kwenye nuru fulani. Hii haina. Inaanza kwa kumwita Mungu wa wokovu, inaendelea na kilio mchana na usiku, inataja rafiki waliokaa mbali, na inaishia gizani. Hakuna "lakini nitaimba" mwishoni.

Kwa nini imewekwa ndani ya Biblia? Nadhani ni kwa ajili ya mtu ambaye usiku wake haujakucha na ambaye watu wamechoka kumsikiliza. Hemani anamwambia: hata ukiishiwa maneno mazuri, endelea kuongea na Mungu. Ile kwamba bado anamwita ndiyo imani yote aliyobaki nayo, na inatosha kuhesabiwa ni sala.

Neno moja hapa kwa upole. Kama wewe au mwenzako giza limekaa muda mrefu, usingizi umekwisha, chakula hakipiti, au mawazo ya kujidhuru yanakuja, nendeni mkamwone daktari au mshauri. Kutafuta msaada si kumkosea Mungu imani.

Kutumaini si kukaa bure

Wapo wanaosikia "mtumaini Mungu" wakadhani maana yake ni kukaa barazani kusubiri. Soma Zaburi ya 127, inayotajwa kuwa ya Sulemani. Inazungumzia nyumba, mji, kazi na watoto, yaani mambo yetu yote vijana. Inasema bila Bwana kuijenga nyumba, kazi ya wajenzi ni bure, na bila Bwana kuulinda mji, mlinzi anakesha bure. Lakini angalia vizuri: wajenzi wapo, wanajenga. Mlinzi yupo, anakesha. Hawakuambiwa waende nyumbani. Walichoambiwa ni kwamba uzito wote wa matokeo hauko mabegani mwao, ndiyo maana wanaweza kulala usingizi.

Kwetu ilikuwa hivi. Asubuhi mume wangu alituma maombi ya kazi, alipiga simu kwa watu, alifanya vibarua vya hesabu kwa wafanyabiashara wadogo. Tulihamia nyumba ya kodi nafuu. Niliuza mapazia na mashuka mwisho wa wiki. Usiku tulisoma Zaburi, tukasema ya moyoni, tukalala. Mchana mikono ilifanya kazi, usiku tulimwachia Mwenyewe.

Jaribuni hivi nyumbani

Kama ninyi ni wawili, au uko peke yako na rafiki wa kuaminika, haya ndiyo yaliyotusaidia:

1. Chagueni Zaburi moja fupi na mkae nayo wiki nzima. Kwa hofu, jaribuni ya 56. Kwa kusubiri, ya 13 au ya 130. Kwa wivu, ya 73. Kwa aliyesalitiwa na mtu wa karibu, ya 55. Kwa aliyekosea na anataka kurudi, ya 51.

2. Someni kwa sauti. Zaburi zilikuwa nyimbo, hazikuandikwa zisomwe kimoyomoyo kwenye daladala tu. Sauti ya mwenzako ikisoma kilio cha Daudi, utasikia kilio chake mwenyewe ndani yake.

3. Mkikuta neno "Sela", tulieni kidogo. Limo mara 71 katika Zaburi, na wengi huliona kama alama ya kutua. Msikimbilie kumaliza.

4. Kila mmoja amwambie Mungu sentensi moja ya kweli. Si lazima iwe nzuri. "Nimechoka" ni sala. "Sikuelewi" ni sala.

5. Anayesikiliza asirekebishe. Usiseme "usiseme hivyo, Mungu atakasirika". Mshike mkono tu. Ushauri una siku yake.

6. Malizieni na neno la kutumaini, hata kama ni dogo. Kama leo hulipati, mwenzako aliseme kwa niaba yenu wote wawili.

Ile tai

Wasomaji watataka kujua mwisho wake. Kazi ilipatikana baada ya miezi 11, na mshahara ulikuwa mdogo kuliko ule wa kwanza. Hakukuwa na muujiza wa kusimulia ukumbini. Madeni tulimaliza kuyalipa 2019.

Lakini kuna kitu tulichokipata ambacho hatukuwa nacho wakati mambo yalipokuwa mazuri. Siku ya kwanza ya kazi mpya, mume wangu alisimama mbele ya kioo akifunga ile tai yake. Mikono ilikuwa inatetemeka. Zamani angenificha. Asubuhi ile aligeuka akaniambia, "Mke wangu, naogopa." Nikamfunga tai mwenyewe, tukashikana mikono pale pale mlangoni, akamwambia na Mungu maneno yaleyale mawili.

Halafu akaenda kazini. Kweli kweli safari hii.